Sura ya Saba: Gamba Lililokaa Kichwa Chini

Inspekta hakuwahi kumwona mtu mzima akilamba jiwe. Mwalimu alililamba bila haya yoyote, kama mpishi anayeonja chumvi, kisha akasogea dirishani na kulitazama kwa lenzi ndogo iliyoning'inia shingoni mwake.

"Likilowa linaonekana vizuri," alisema bila kugeuka. "Usinitazame hivyo, afande. Sote tunafanya."

Mwalimu alikuwa mhadhiri wa jiolojia, mama wa makamo mwenye kucha fupi na viatu vya shamba. Polisi walimwomba kutoka chuo kikuu ili atoe ushahidi wa kitaalamu, na Inspekta alitaka ushahidi huo leo hii, kabla ya chakula cha mchana, apate kufunga faili.

Walikuwa ndani ya ghala la kampuni, jengo refu la mabati lenye rafu kutoka mlangoni hadi ukutani. Kwenye rafu kulikuwa na trei za mbao, na kwenye trei kulilala mawe yaliyochongwa na keekee kule chini kabisa na kupandishwa juu yakiwa mazima. Yalikuwa ya mviringo, marefu, laini pembeni. Kila mtu pale, hata wenye shahada mbili, aliyaita michi.

Kesi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Kampuni ilichimba kisima kutafuta mafuta katika mwamba wa chokaa. Mafuta hayakai ardhini kama maji ndani ya pipa. Yanakaa ndani ya jiwe lenyewe, kwenye vitundu vyake, kama maji kwenye sifongo. Jiwe likiwa na vitundu, watu wanapeana mikono. Likiwa limeziba, wanafungasha virago. Sasa michi ya kisima hiki ilikuwa na vitundu tele, ya kutia moyo, lakini vyombo vilivyoteremshwa ndani ya shimo lile lile vilisema mwamba wa chini umeziba. Wabia waliokuja kuamua kama wachimbe kisima cha pili waliona mambo hayo mawili hayapatani, wakaita polisi. Kuna mtu aliondoa michi ya kweli na kuweka mingine.

Na Inspekta alikwishampata mtu huyo. Alikuwa mtunza ghala, mwanamume mpole aliyepewa jina la Kufuli kwa sababu hakuwahi kuondoka kazini bila kurudi tena kutikisa mlango. Ufunguo wa ghala alikuwa nao yeye. Ule wa akiba, Mkuu wa idara ya jiolojia alisema, ulipotea zamani. Hesabu ikatoka yenyewe: Kufuli kawauzia washindani michi ya kweli, akajaza pengo kwa mawe yoyote.

Inspekta alimfuata nyumbani asubuhi moja, majirani wakiwa nje wanafagia. Alimkuta Kufuli ameshika kiti kwa mikono miwili, anamkaribisha mama mkwe wake aliyekuja kuwatembelea. Alimfunga pingu hapo hapo, kiti kikaanguka. Tena alitangaza kwa sauti kwamba huyu ni mwizi wa mali ya kampuni, maana wakati ule aliona ni vizuri watu wajifunze. Tangu siku hiyo mke wa Kufuli alikuwa anakuja kituoni kila asubuhi na kusema neno lile lile: mama yake amefunga mizigo, hawezi kumwacha binti yake kwa mwizi, na akiondoka ataondoka naye. Inspekta alikuwa akimsikiliza huku anatazama kalamu yake.

"Nionyeshe hiyo michi ya bandia," alisema sasa.

Mwalimu alivuta trei mbili. Kwenye ya kwanza alimega kijipande kutoka ukingoni mwa mchi, akadondoshea tone la tindikali kutoka kichupa cha plastiki. Jiwe lilitoa povu kwa fujo, kama soda iliyotikiswa.

"Hii ni chokaa. Ni mwenyeji wa kisima hiki." Akamega kijipande kwenye trei ya pili, akadondosha tone. Kimya. Akakikwaruza kwa ncha ya kisu hadi ukapatikana unga kidogo, akadondosha tena. Unga ule ulichemka polepole, kwa uvivu. "Na hii ni dolomaiti. Zamani ilikuwa chokaa kama mwenzake, ikabadilika huko chini. Haitoi povu mpaka uikwaruze. Inapobadilika mara nyingi huacha vitundu, ndiyo maana tunaipenda. Lakini hii imetoka kisima kingine."

"Una uhakika?"

"Afande, mimi sikuulizi kama una uhakika na pingu."

Inspekta hakucheka. Mwalimu alichukua mchi mmoja wa dolomaiti, akaelekeza kidole katikati yake.

"Unaona nini hapa?"

"Kitu kama kitunguu kilichokatwa."

"Ni konokono wa baharini. Alikufa, gamba lake likabaki tupu chini ya bahari. Matope yakaingia ndani, yakatulia chini, kama unga unavyotulia kwenye kikombe cha uji. Juu yake pakabaki uwazi, na baadaye ukajaa fuwele nyeupe. Kwa hiyo matope hukaa chini, nyeupe hukaa juu. Siku zote. Sasa tazama huu mshale uliochorwa pembeni, unaoonyesha upande wa juu."

Inspekta alitazama. Mshale ulielekea huku, na matope yalikuwa huku huku. "Yako juu," alisema.

"Yako juu. Jiwe limewekwa kichwa chini."

"Basi tumemaliza." Inspekta alisugua viganja. "Aliyepanga michi hii hajui konokono wala kombamwiko. Ni mtu wa kubeba trei. Ni mtunza ghala."

"Ndivyo inavyoonekana," Mwalimu alisema, akaurudisha mchi kwenye trei kwa haraka na kuuacha mkono wake juu yake.

Inspekta alikuwa na makosa yake, na sura hii haitayaficha, ila macho alikuwa nayo. Aliutazama ule mkono.

"Mwalimu, tangu tumeingia humu umegeuza kila jiwe pande zote kama mtu anayechagua nyanya. Hili mbona hukuligeuza?"

"Nimeliona la kutosha."

"Ondoa mkono, mama."

Aliuondoa taratibu. Inspekta aliuviringisha mchi. Upande uliolalia mbao kulikuwa na alama ndogo, kiasi cha ukucha: mistari ya kulala, kisha mistari ya kusimama juu yake, kama wavu mdogo, na katikati kijishimo cheupe kilicholika. Akaviringisha wa pili. Alama ile ile. Wa tatu, wa nne, yote ya trei ile ilikuwa na kijiwavu chake, na yote ilikilalia. Akaenda trei ya chokaa, akageuza kila mchi. Haukuwa na kitu.

"Hiki ni nini?"

"Mtu amekwaruza na kudondosha tindikali."

"Wewe?"

"Sisi hatudondoshei mchi wenyewe. Ni mwiko. Unaharibu jiwe la maabara. Ndiyo maana mimi nilimega vijipande, umeniona."

"Lakini huyu alidondoshea."

"Alikuwa anachagua. Alitaka kuhakikisha kwamba kila anachochukua ni dolomaiti." Sauti yake ilipungua. "Na mkono wa mtu wa kazi hii hauombi ruhusa, afande. Jiwe likiingia kiganjani, kisu kimeshatoka mfukoni."

Inspekta aliokota kile kijipande ambacho Mwalimu alikikwaruza muda mfupi uliopita. Kilikuwa na mistari ya kulala na mistari ya kusimama. Alikiweka kando ya mchi. Viwavu viwili, pacha.

"Wengine wanakwaruzaje?"

"Wengi wanapiga mstari mmoja tu. Inatosha."

"Wewe nani alikufundisha hivi?"

Mwalimu alifuta mikono yake kwenye suruali ingawa haikuwa michafu. Alifuta tena.

"Uliiona alama hii lini?" Inspekta aliuliza.

"Kwenye jiwe la kwanza."

"Ukanyamaza."

"Alinishikisha nyundo mimi nikiwa sijui kitu. Nilipokosa pa kulala mjini, mkewe alinipa chumba. Watoto wao mpaka leo wananiita dada." Alikuwa anaongea na sakafu. "Nilijiambia nikuonyeshe gamba tu, halafu uamue mwenyewe."

"Kuna mtu amelala selo, mama."

"Najua. Ndiyo maana siwezi kukutazama usoni."

Inspekta alikaa juu ya kreti. Mtu anayejua kuchagua dolomaiti gizani mwa ghala hawezi kukosea gamba la konokono. Amelipindua kwa makusudi, ili mtaalamu atakayekuja aseme hii ni kazi ya mbumbumbu. Na mbumbumbu mwenye ufunguo alikuwa mmoja tu. Kwa hiyo mpango mzima ulihitaji pia polisi mmoja asiyeuliza swali la pili, na polisi huyo akapatikana, akanywa na chai ya yule aliyemwambia ufunguo wa akiba umepotea. Inspekta alihisi masikio yanamwaka moto. Aliona aibu, tena aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu avue kofia akiwa peke yake.

"Twende," alisema.

Ofisi ya Mkuu ilikuwa upande wa pili wa ua. Alikuwa mzee mwenye mvi safi na sauti ya upole, wa kuitwa baba na watu wasiomfahamu. Ukutani kulikuwa na ramani kubwa ya miamba yenye rangi za kupendeza, na pembeni birika lilikuwa linaunguruma.

"Karibu, mwanangu. Chai?"

"Leo sinywi, mzee. Nimekuja kwa ule ufunguo wa akiba."

"Si nilikwambia ulipotea?"

"Uliniambia. Nami sikukuuliza ulipotea vipi, wala kwa nini hukubadilisha kufuli. Sasa nauliza."

Mkuu alimtazama Mwalimu aliyesimama mlangoni. Mwalimu alikuwa anazitazama kamba za viatu vyake. Mzee hakuhitaji kuambiwa zaidi. Uso ulimshuka wote kwa pamoja.

"Binti yangu," alisema, "umeigeuza michi?"

"Aliyeigeuza ni yeye, Mkuu," Mwalimu alijibu. "Mimi nilijaribu kutoigeuza."

Inspekta alielekeza kidole kwenye kabati la chuma chini ya ramani. "Naomba ulifungue."

Ufunguo wa ghala ulikuwa umetundikwa ndani ya mlango wa kabati, kwenye msumari wake, kama kitu kisicho na neno. Nyuma yake mlisimama michi ya chokaa, kila mmoja umefungwa kwa gazeti, kila mmoja na kadi ya kina chake kwa mwandiko mzuri, mishale yote ikitazama juu.

Inspekta alishangaa. "Mbona hukuitupa? Mto uko hapo nyuma. Nisingekupata."

"Kutupa mchi?" Mzee aliuliza kama mtu aliyetukanwa. "Umetoka chini kote kule, halafu niutupe? Kuna watu watauhitaji baadaye."

"Na Kufuli je, huyo anatupika?"

Mkuu alikaa. Birika lilichemka likajizima.

"Nilisimama mbele ya watu nikasema mafuta yapo," alisema. "Hawakunilazimisha. Nilisema kwa kinywa changu, kamera zikiwepo. Tangu hapo nikienda dukani watu wananipa mkono. Mjukuu wangu shuleni wanamwita mjukuu wa mafuta, anarudi nyumbani anaruka ruka. Halafu mchi wa kwanza ukapanda. Wenzangu walikuwa wamekwenda kula. Nikamega kidogo, nikadondosha tone. Povu. Wa pili, povu. Chokaa tupu, imeziba kama ukuta."

"Ungewaambia umekosea."

"Umewahi kusema hivyo, mwanangu? Mbele za watu?"

Mzee aliendelea kwa sauti ya kubembeleza, sasa akiwa amegeukia ramani.

"Mwamba unabadilika ukisogea mashariki kidogo, hapa. Kisima cha pili kingegonga dolomaiti ya kweli. Nilihitaji tu wakubali kuchimba. Yangepatikana mafuta, nani angeuliza habari za michi ya kwanza?"

"Na gamba? Ulilipindua mwenyewe."

"Ndiyo."

"Ili aonekane Kufuli."

"Ili asionekane mtu wa jiolojia." Alisita. "Ni kitu kile kile, najua. Nilidhani mtamhoji, mtamwachia. Sikujua mtamchukua kwa namna ile."

"Namna ile ilikuwa yangu," Inspekta alisema. "Hiyo usiibebe wewe."

Nje ya dirisha vijana wa idara walikuwa wanarudi kutoka kula, wanacheka, mmoja amebeba chupa ya maji kichwani kwa mzaha. Mzee aliwaona. Alinyanyuka, akafunga vifungo vya koti kimoja baada ya kingine.

"Nina ombi moja. Pingu, nivishe tukifika kwenu. Hawa nimewalea mimi. Na kuna mlango wa nyuma."

Mkono wa Inspekta ulikuwa tayari kiunoni. Aliutoa.

"Pingu sikufungi," alisema. "Si kwa sababu umeniomba. Ndivyo nilivyotakiwa kufanya mara ya kwanza, kwa yule asiyepata hata nafasi ya kuomba. Lakini mlango ni huu wa mbele."

Walipita katikati ya vijana. Vicheko vilikatika. Mmoja alisema, "Shikamoo, Mkuu," kwa mazoea, na mzee akainamisha kichwa, akaendelea kutembea. Mwalimu alikuja nyuma yao amebeba michi miwili ya ushahidi kifuani, analia bila kujificha.

Kituoni, Kufuli alisimama kaunta akirudishiwa mkanda na kamba za viatu. Alikuwa amekonda mashavuni. Inspekta alikohoa.

"Baada ya uchunguzi wa kina, tumebaini kwamba hukuhusika. Uko huru. Aliyehusika amekiri."

"Ahsante, afande."

"Nasikitika kwa usumbufu."

Kufuli alipitisha mkanda kwenye suruali bila haraka. "Afande, maneno ya tumebaini ni ya kwenye faili. Mimi nimeyaelewa. Lakini mke wangu alikuja asubuhi. Leo wanaondoka. Mama hajagusa chakula cha nyumba yangu tangu siku ile. Nikienda mimi mwenyewe nikasema si mwizi, mwizi gani hasemi hivyo?"

"Nitakuandikia barua yenye muhuri."

"Mama hasomi."

Inspekta alitazama saa ya ukutani, akatazama mlango, akatazama kila kitu isipokuwa mtu aliyekuwa mbele yake. Angeweza kumtuma koplo. Wazo hilo lilimjia, na ukweli ni kwamba lilimpendeza, na alijichukia kwa jinsi lilivyompendeza.

"Panda gari," alisema. "Nakupeleka mimi."

Walikuta mizigo imeshatolewa nje: begi moja na mafurushi mawili ya kanga. Mke wa Kufuli alikuwa ameketi kwenye ngazi macho yamemvimba, na mama yake amesimama karibu naye amejifunga mtandio tayari kwa safari. Alikuwa mama mfupi, mkavu, asiye na haraka. Kufuli alibaki langoni. Hakuweza kuingia; alisimama ameinamisha kichwa kama mgeni katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Majirani walipoona gari la polisi wakaanza kutoka, mmoja mmoja, kila mmoja akijifanya ana shughuli.

Inspekta alivua kofia, akaenda hadi ngazini, akachuchumaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nimekuja kuhusu mkweo." Aliongea chini chini, karibu na sikio lake, kama watu wanaopeana habari za msiba. "Hakuiba. Aliyefanya ni mtu mwingine, ameshikwa leo. Sisi tulikosea. Mimi nilikosea. Nakuomba radhi, na namwomba binti yako radhi."

Mke wa Kufuli alijifunika uso kwa viganja. Mama yake hakusogea.

"Aliyemfunga pingu ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Hapa?"

"Hapa hapa."

"Ukasema nini?"

Inspekta alitamani ardhi ipasuke immeze, na kwa mara ya kwanza alijua huko chini kukoje: kugumu, kumeziba, hakuna pa kuingia.

"Nilisema ni mwizi."

"Siku ile hukunong'ona," mama alisema.

Inspekta alisimama. Aligeukia uzio, akawaona wote: mwanamke mwenye ufagio, mzee mwenye redio, wasichana wawili na ndoo. Alisema kwamba mwenye nyumba hii si mwizi. Alisema kwamba alimkamata bila kuuliza alichopaswa kuuliza, akamwita mwizi mbele ya mkwewe na mbele yao, na kwamba aliyekosa siku ile ni yeye, mwenye sare. Uso ulikuwa unamwaka. Langoni, Kufuli alikuwa amefumba macho.

Alipomaliza aligeuka amtazame mama, akitumaini kwamba imetosha.

Mama alikuwa ameketi. Alikuwa amelivuta furushi moja mapajani mwake, mkono juu ya fundo, bado hajalifungua.

"Wa nyumba ya kona hawajatoka," alisema. "Nao walisikia siku ile."

Inspekta alishika kofia yake kwa mikono miwili, akawasubiri watoke.